Kopo la Mzee Mngurumo

Mzee Mngurumo alipewa jina hilo kwa sababu ya injini yake ya dizeli. Tangu ndevu zake zikiwa nyeusi, kila asubuhi aliizungusha hendeli, akaisikiliza ikikohoa, hadi ikatema moshi na kuanza kupiga kelele. Juu ya bomba la moshi alikuwa amefunga kopo la bati lenye kifuniko cha kuchezacheza, na mlio wa kopo lile ulifika hadi ng'ambo ya bonde. Akina mama wakiusikia walijua mashine ya kusaga imefunguliwa. Hapakuwa na tangazo lingine, wala halikuhitajika. Watu wa zamani walikuwa na masikio.

Kisha mpwa wake, binti wa marehemu dada yake na mrithi wa ile mashine, akaleta sola. Paneli zikapandishwa juu ya paa, mota ndogo ya kijivu ikafungwa mahali pa injini, na injini ikasukumwa nyuma ya choo kama mgeni aliyekaa mno.

"Dizeli inakula faida yote, Mjomba," alisema binti. "Na kifua chako sasa kinakohoa kuliko injini yenyewe."

"Kifua changu kimezoea."

"Basi tujaribu hadi mwisho wa mwezi. Watu wakiikataa, naiuza, na wewe nakurudishia moshi wako."

Mzee alikubali haraka mno. Mota ilisaga vizuri, hilo hakulikana, lakini ililia kama nzi ndani ya chupa. Nani angeisikia? Binti alikulia mbali na hakujua habari za kopo. Mzee alijua, akanyamaza. Aliketi kwenye benchi mlangoni, kofia imeshuka hadi puani, akiufurahia ukimya kama mtu anayekula nyama kwa kujificha.

Wateja wakakatika. Binti akapunguza bei, hawakuja. Akapaka ukuta rangi, hawakuja.

"Labda hawalipendi jua," mzee alisema, akageukia ukutani ili meno yasionekane.

Mwezi ulikuwa ukingoni alipotokea shemeji yake, mjane wa kaka yake, pamoja na majirani wawili. Wote walikuwa na mizigo kichwani na nyuso zimeandaliwa kwa msiba. Walipomkuta kwenye benchi wakasimama.

"Shemeji, kumbe uko hai?"

"Nani kasema siko?"

"Mashine kimya wiki tatu. Tukasema, huyu hakunyamaza hata siku aliyooa. Atakuwa amekufa."

"Ndiyo mnakuja kunizika leo, baada ya wiki tatu?"

"Tulikuwa na palizi."

Mzee alicheka hadi akakohoa. Akauliza wamebeba nini. Unga, wakasema, wa kuwapikia waombolezaji. Akachota kidogo, akaonja, na taya likasimama. Ulikuwa na chenga, tena ulinuka dizeli.

"Huu umesagwa wapi?"

"Kwa yule wa njia panda. Tungesaga wapi, na wewe umekufa?"

Yule wa njia panda alikuwa msaidizi wake zamani, aliyemfukuza kwa kuchanganya pumba na unga. Kufa, mzee angevumilia. Kuzikwa kwa unga wa mtu yule, hapana.

Akaenda nyuma ya choo, akamfukuza kuku aliyelala juu ya injini, akang'oa kopo. Akalifunga kwa waya karibu na gurudumu la mkanda, na kwenye gurudumu akafunga kipande cha mpira, ili kila likizunguka ulichape kopo.

"Washa," akamwambia binti.

Bonde likasikia. Kabla jua halijapinda, madebe ya mahindi yalikuwa yamepangwa hadi barabarani. Binti alilitazama kopo, kisha akamtazama mjomba wake.

"Hili ulilijua tangu mwanzo?"

"Mimi nilikuwa maiti. Maiti haulizwi maswali."

Sola ikabaki. Kikohozi nacho kimepungua, jambo ambalo mzee hapendi kulizungumzia. Jioni huenda nyuma ya choo kuinusa injini, maana harufu ya kazi haipatikani tena mahali pengine. Ule unga wa msiba shemeji alikataa kurudi nao. "Uweke," alisema, "siku haziko mbali." Mzee aliumwaga kwenye injini, ambako kuku sasa anaatamia, naye akaudonoa kwa kuchaguachagua, akianza na chenga.