Aliyeliliwa Ngazini

Mimi sikusoma. Anayeshika kalamu ni mjukuu wangu, nami nimemwonya aandike ninavyosema, asinipambie maneno wala asinipunguzie ukali. Habari yenyewe ni ya mwanamke aliyekuwa akikaanga mandazi chini ya ploti yetu hapa Huruma. Kuna kazi tunayoifanyia majirani bila kulipwa. Kazi hiyo ilimwokoa mwanamke yule, na kazi hiyo hiyo ikamwondoa kati ya watu.

Ploti yetu ni ya orofa nyingi na haina lifti. Ngazi zake ni nyembamba, na kila zinapopinda wapangaji wameweka vitu vyao: mitungi ya maji, majiko, karai za kufulia, viatu. Mgonjwa asiyeweza kutembea hana njia ya kufika barabarani ila abebwe. Ndiyo maana tukaunda kundi. Wanaume wanne hushika blanketi zito, kila mmoja pembe yake, na mgonjwa hulala katikati. Mimi sibebi. Mimi hutangulia mbele yao nikipaza sauti: "Mgonjwa! Mgonjwa! Fungueni njia!" Watu wakisikia hutoka milangoni, huvuta majiko yao pembeni, humwambia anayepita, "Pole, Mungu akuponye."

Tunapoteremsha maiti hatuiti. Tunashuka kimya, na ukimya huo watu wa ploti yetu wanaujua. Redio huzimwa, watoto huingizwa ndani, milango hufungwa mpaka tupite. Hakuna mtu aliyeiweka sheria hiyo. Wengi wetu tumetoka upande wa magharibi wa nchi, na kwetu maiti haipigiwi kelele za kuomba njia. Kelele yake ni kilio.

Na kilio kilikuwa na mwenyewe. Orofa ya pili alikaa mama mmoja wa rika langu, mjane, ambaye kila maiti ilipopita mlangoni pake alitoka akalia kwa sauti, amjue marehemu au asimjue. Aliwahi kuniambia, "Dada, wengi wanaofia hapa hawana ndugu karibu. Mtu asishuke ngazi hizi kama gunia. Asiye na dada Nairobi, mimi ndiye dada yake." Nilimheshimu kwa hilo. Nasi tulimhesabu kuwa mmoja wetu, ingawa hakushika blanketi.

Mwanamke wa mandazi alikaa orofa ya sita na binti yake, aliyekuwa akiuza nguo katika duka la watu kule Eastleigh. Alikuwa mtu wa fahari, msafi kupita kiasi. Ungemkuta alfajiri amefunga kitambaa cheupe kichwani, meza yake imepanguswa, na ole wake mteja atakayegusa andazi kabla ya kunawa. Basi maradhi yakamshika kifuani. Miguu ilivimba, pumzi ikawa ya kuombwa. Nilikuwa nikimpelekea uji na kumgeuza kitandani wakati binti yake yuko kazini.

Wiki hiyo hiyo tulikuwa na matanga ya bawabu mmoja wa ploti ya jirani. Familia yake ilikuwa ndogo, hakukuwa na wa kuimba, kwa hiyo kila jioni mimi na akina mama wa kanisa tulikwenda kuimba katika hema lao. Matanga yalipokwisha, sauti yangu ilikuwa imekwisha nayo. Nilifungua kinywa ikatoka hewa tupu.

Asubuhi iliyofuata binti alishuka mbio mpaka mlangoni pangu, akiniita bibi kama wote hapa. "Shosho, njoo! Mama hapumui vizuri!" Nilimwashiria aende atafute gari, nami nikawakusanya wanaume. Mmoja wao alikuwa fundi viatu, mtu wa mzaha hata penye msiba. Aliponiona nanyoosha vidole badala ya kusema, akacheka.

"Leo Shosho ni redio bila betri! Sasa nani atatufungulia barabara?"

"Niite mimi?" akauliza mwenzake.

Nilikataa kwa mkono. Aliyebeba haiti, pumzi yake ikigawanyika, blanketi huinama upande na mgonjwa hubingirika. Nilionyesha kwamba nitagonga milango. Wakakubali. Hakuna aliyeona ubaya wowote.

Tulipomlaza katika blanketi, mgonjwa aliushika mkono wangu. Maneno yake yalikuja moja moja.

"Nifunike uso. Sijaoga tangu juzi. Wateja wangu wasinione hivi."

Nikamfunika kwa leso yake.

Orofa ya tano niligonga mlango wa kwanza. Akatoka mwanamume, akanitazama, akatazama nyuma yangu, akaona blanketi, uso uliofunikwa, na wanaume wanne walioinamisha vichwa kwa uzito. Akavua kofia. "Poleni sana," akasema kwa sauti ya chini, akafunga mlango. Jiko lake likabaki pale pale njiani. Nililisukuma kwa mguu. Mlango wa pili haukungoja nigonge, ulifungwa nikiuona. Kisha nikasikia chini yetu redio zikizimwa, moja baada ya nyingine, na mama fulani akiwafokea watoto waingie ndani.

Safari ikawa ya polepole, kwa maana hakuna aliyetoka kuondoa kitu chake. Wanaume walinyanyua miguu juu ya mitungi kama watu wanaovuka mto. Orofa ya tatu fundi viatu akaelewa.

"Ala! Hawa wanadhani tumebeba marehemu!"

Akacheka, na wenzake wakacheka naye, wakihema. Nami sikuliona kuwa jambo zito. Nilidhani tukifika chini tutawaambia watu, nao watacheka vilevile. Hatukukumbuka kwamba aliyekuwa ndani ya blanketi alikuwa na masikio.

Orofa ya pili yule mama mjane alikuwa amekwisha kusimama mlangoni, amefunga leso kiunoni, mikono kichwani. Binti alipopita hapo akikimbia, alikuwa akilia. Mama yule alimwona, na ukimya wetu ukamthibitishia mengine. Akaachilia kilio.

"Wui! Mama wa mandazi! Umeondoka na mikono yako mizuri! Wui, dada yangu! Umemwachia nani binti? Nani atatuamshia watoto asubuhi?"

Fundi viatu alipaza sauti, "Yu hai, mama! Nyamaza, yu hai!" Lakini kilio cha kwetu hakizimwi na neno moja. Wanawake wa orofa hiyo walikipokea nyuma ya milango yao, kikapanda orofa ya tatu, ya nne, ya tano, mpaka ploti nzima ikawa inamlilia kwa jina la kazi yake. Ndipo mkono ukatoka katika blanketi, ukavuta leso. Macho yake yakakutana na macho ya yule mama.

Kilio kikakatika. Yule mama akatoa ukelele mwingine, mkavu, akarudi ndani akipiga kisogo mlangoni. Na mgonjwa, ambaye tangu asubuhi hakuwa na pumzi ya kumaliza sentensi, aliuliza akasikika vizuri:

"Mnanilia?"

Tulimfikisha garini. Huko hospitalini daktari alimwambia binti kwamba walifika kwa wakati. Wanaume wakarudi wakipongezana, na mimi nikamshukuru Mungu nikidhani yamekwisha.

Alirudi baada ya majuma machache, amekonda, akipanda ngazi kwa miguu yake na kupumzika kila orofa. Milango ilifunguliwa, watu wakamsalimu. Lakini niliona walivyomsalimu: kwa mbali, mikono ikiwa nyuma. Alipoweka tena meza yake, watu wa ploti yetu walivuka barabara wakanunue kwa mwingine. Aliyenunua alinunua kwa aibu. Nilimwona mama mmoja, mtu wa kanisa letu, akilibeba andazi mpaka kwenye kona, akalitupia mbwa.

Wakubwa walikaa kimya. Vijana walisema wazi. "Niaje, marehemu!" walimwita wakipita. "Buda, usinunue hapo, hizo mandazi zimetoka mochari!" Mwingine alimwuliza kama huko alikokwenda wanakula na chai au kavu. Nilimkamata sikio huyo, nikamtia kofi. Haikusaidia kitu. Alikuwa anasema kwa mdomo yale ambayo mama yake alikuwa anayatenda.

Kwetu mtu akililiwa akiwa hai, husemwa kwamba kifo kimetajiwa mlango wake. Hupelekwa nyumbani, wazee wakamtakasa, kisha akala na watu chungu kimoja, na neno hilo likaisha. Yeye hakuwa na nyumbani. Mumewe alipokufa, shemeji zake walimfukuza katika boma, na kwa ndugu zake hakukuwa na aliyebaki. Tulimpeleka kanisani. Mchungaji akamwekea mikono, waumini wakaitikia amina kwa nguvu. Jumatatu mandazi yake yakalala.

Nilikwenda kwa yule mama wa orofa ya pili. Sikuketi.

"Wewe ndiwe uliyemlilia," nikamwambia. "Shuka, ule andazi lake mbele ya watu, waone."

"Dada, usinihukumu. Ningenyamaza, mngesema sina utu."

"Sikukuuliza habari za utu. Nimesema ule."

"Nilimlilia kwa moyo. Hujui nilivyomlilia."

"Tulikusikia sote. Sasa shuka."

Akashuka. Watu walikuwepo, maana niliwaita makusudi. Mwanamke wa mandazi alimnawisha mikono, akamchagulia andazi zuri, la moto. Yule mama akalimega, akaleta kipande mdomoni. Akakitia kinywani, akatafuna, akatafuna tena, na koo likakataa. Machozi yakaanza kumtoka, bila sauti, huku bado anatafuna. Nilisikia mtu nyuma yangu akinong'ona, "Mwone, anamlilia tena."

Mwanamke wa mandazi akalichukua lile andazi mkononi mwake kwa upole. "Acha, mama," akamwambia. "Usijilazimishe."

Jioni ya siku hiyo kundi letu lilikaa. Mmoja alitaka tangu sasa tuite hata kwa maiti, ili kosa kama lile lisirudi. Mwingine akamwuliza kama angependa mama yake ashushwe kwa kelele za sokoni. Fundi viatu, ambaye hakuwa na mzaha tena, alisema ni heri kazi yenyewe tuiache. Nilimwuliza: mgonjwa wa kesho atashuka kwa mabawa? Tuliachana bila kuafikiana, na mpaka leo hatujaafikiana. Tunabeba tu.

Binti alipata chumba Tassia, mbali na sisi. Siku ya kuhama wabebaji wale wale walikuja bila kuitwa, wakateremsha kitanda, sufuria kubwa ya mafuta, meza. Watu walitoka milangoni kwa wingi, wakaondoa vitu vyao njiani, wakasaidia hata wale waliokuwa wakivuka barabara. Waliokuwa wamemkimbia walibeba viti vyake kwa bidii. Nadhani wengine walifurahi kwamba anaondoka, na wengine waliona haya. Mtu aliyebeba kiti huwezi kumjua usoni.

Yeye alishuka nyuma ya vitu vyake. Amefunga kitambaa kile cheupe. Hakumpita mtu bila kumuaga, na alipofika orofa ya pili aligonga mlango uliofungwa, akasema, "Kwaheri, mama," akangoja kidogo, kisha akaendelea.

Chini nilimshika mkono. Nilimwambia hakuna haja ya kuhama. Watu husahau, angewapa muda.

"Shosho, sina chuki nanyi," akanijibu. "Bila ninyi ningefia kule juu. Lakini mimi ni mtu wa kuuza chakula, nami hapa mnaniangalia kama watu wanaongoja. Kila nikikohoa, mnatazamana. Nakwenda mahali ambapo siku yangu ikifika nitaliliwa mara moja tu, kama watu."

Akapanda mbele kwa dereva, akaishika sufuria yake mapajani. Sisi tulibaki tumesimama na hakuna aliyejua kama yafaa kumpungia mkono.