Mzizi Uliofanana na Kipriani

Kama kuna mtu wilaya ya Kibondo aliyewahi kununua ugonjwa dukani na bado akaomba apunguziwe bei, mtu huyo ni Vestina wa Murungu.

Mume wake, Kipriani, alimwacha akahamia Kasulu kwa Mwajabu, mwenye duka la vitenge. Hakuondoka mikono mitupu. Alichukua baiskeli, redio na mabati mawili ya jikoni. Mabati aliyang'oa mchana kweupe huku Vestina akimshikia ngazi isiteleze, kwa kuwa alikuwa ameambiwa yanakwenda kubadilishwa. Tangu hapo, mvua ikinyesha, Vestina hupika amejifunika gunia, na kila tone linaloingia kwenye maharage linamwita mjinga kwa jina lake kamili.

Sasa binti yao Editha alikuwa anaolewa, na harusi ilipangwa Kasulu. Mama mwingine angewaza mahari na keki. Vestina aliwaza jambo moja tu: Mwajabu amwone akiwa mzima, amesimama wima, asije akamtazama na kusema moyoni, "Kumbe ndiyo maana."

Tatizo lilikuwa mwili. Vestina ana kisukari. Zahanati walimpa vidonge vya kunywa pamoja na chakula, naye huvinywa, ila uchovu ulikuwa umemwingia hadi kwenye kope. Akaenda dukani kwa Tamimu, pale Kibondo mjini, akaona boksi jekundu.

"Hii nini, Tamimu?"

"Jinseng, Mama Editha. Mzizi wa Korea. Unaondoa uchovu, unarudisha nguvu."

"Jini gani?"

"Si jini. Jinseng."

"Jini Senge. Sisi Waha masenge ni shangazi. Kwa hiyo unaniuzia jini la shangazi yangu."

"Kwani shangazi yako alikuwa na nguvu?"

"Alizika waume watatu."

"Basi ndiyo yenyewe," Tamimu akasema, akalipangusa boksi vumbi.

Vestina hajui kusoma, lakini picha anazisoma vizuri. Juu ya boksi palichorwa mzizi wenye kichwa kikubwa, mikono inayoning'inia na miguu iliyoachana kama ya mtu anayetafuta ukuta wa kushika. Kipriani mtupu, akitoka kilabuni. Hilo ndilo lililomfanya anunue. Wenye akili hununua dawa kwa kuuliza inatibu nini. Yeye aliinunua ili apate kummeza mumewe kidogo kidogo.

Tamimu, tumpe haki yake, aliuliza. "Unatumia dawa yoyote, mama?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Pale Murungu walikuwa wamevumisha kwamba Vestina alikwenda Kasanda kwa mganga kutafuta dawa ya kumrudisha Kipriani. Akajua maneno yamefika mjini. Akapandisha sauti ili hata waliokuwa barazani wasikie.

"Mimi situmii dawa. Anayetumia dawa ni huyo aliyemvuta mume wangu."

Tamimu akainamisha macho. "Basi kidonge kimoja asubuhi, ukishakula."

Siku za mwanzo alijisikia mwepesi. Kama ni mzizi uliompa wepesi, au ni furaha ya kumtafuna Kipriani, hata leo hajui. Siku ya harusi akaona kimoja hakitoshi kumkabili Mwajabu, akameza vitatu. Akameza na kidonge chake cha kisukari, maana katika hilo ni mtiifu. Chakula hakugusa. Gauni la kitenge lilikuwa limebana, na ugali wa muhogo haujui siri. Ukiingia, tumbo linatangaza.

Aliingia ukumbini kama gavana. Akampita Kipriani bila salamu. Akamwona Mwajabu amekaa meza ya mbele, mnene, mtulivu, na wala si mzuri hivyo. Hilo lilimuuma zaidi. Muziki ukapigwa, mama wa bibi harusi akaitwa kucheza, naye akacheza mpaka vijana wakapiga miluzi.

Kisha jasho likamtoka, jasho la baridi. Mikono ikatetemeka. Akatazama akaona Kipriani wawili, wakati mmoja tu alitosha kumharibia maisha. Akawaza, jini la masenge limeamka. Akatafuta kiti, kiti kikasogea, akaangukia mapajani mwa mtu. Mapaja yalikuwa ya Mwajabu.

"Ana kisukari huyu, na sukari imemshuka," Mwajabu akasema. "Mama yangu alikuwa hivihivi. Leteni soda."

Vestina alisikia chupa ikigusa mdomo wake, akauma meno. Anyweshwe na mke mwenzie, mbele ya wakwe?

Mwajabu akainama sikioni kwake. "Kunywa, dada. Ningetaka kukuua, ningekurudishia mume wako."

Vestina alitaka kukasirika, lakini kicheko kilimwahi, mdomo ukafunguka, soda ikapita.

Wakampeleka kituo cha afya. Nesi Nasma akampima, akaligeuza mkononi lile boksi lililokutwa kwenye mkoba wake.

"Ndani ya huu mzizi mna kitu wataalamu wanakiita jinsenosaidi," akasema. "Kuna watu kinawapunguzia uchovu, ingawa si yote yaliyoandikwa hapa yamethibitishwa. Tena kinaweza kushusha sukari. Na vidonge vyako, mama, vinashusha nini?"

"Sukari," Vestina akasema kwa sauti ndogo.

"Na ulikuwa umekula nini?"

"Gauni lilibana."

Nesi akaangalia pembeni ili asicheke. Akamwonya asichanganye tena mzizi na vidonge, na kidonge asimeze kabla ya chakula.

Aliporudi Kibondo, Vestina alikwenda kumgombeza Tamimu.

"Nilikuuliza kama unatumia dawa," Tamimu akajitetea.

"Ungesema vidonge. Dawa ni neno la matusi."

Picha ya harusi imening'inia sebuleni kwa Editha. Ndani yake mama wa bibi harusi amelala mapajani mwa mke mwenzie, kilemba kimeziba jicho moja, na soda mdomoni kama ndama. Wageni huuliza huyo mwanamke ni nani, na Editha huwaeleza, kwa urefu.

Lile boksi tupu Vestina ameliweka jikoni, juu ya kopo la chumvi. Mvua ikipenya pale palipokuwa na mabati, hulowa mzizi kwanza.

Na kila asubuhi simu hulia kutoka Kasulu.

"Dada, umekula?"

Miaka yote aliyoishi na Kipriani, hakuna siku aliyoulizwa swali hilo.

"Nimekula," hujibu kwa ukali, Mwajabu asije akadhani wamekuwa marafiki. Kisha hukata simu, hufunua sufuria, na kula.