Kiu ya Shangazi

Shangazi alishona nguo tangu usichana wake mpaka magoti yalipokataa kukanyaga pedali ya cherehani. Wazazi walipofariki, mdogo wake wa kiume alikuwa bado anatambaa. Yeye ndiye aliyembeba mgongoni, akamlisha, akamsomesha kwa kushona sare za watoto wa wenzake. Wachumba walikuja. Kila mmoja aliulizwa swali moja: "Na huyu mtoto utamchukua?" Wakaaga kwa adabu, wasirudi. Kijana akasoma, akawa mhasibu, akaoa, akajenga. Dada mtu alipochoka, akaitwa. "Dada, umekanyaga vya kutosha. Njoo upumzike kwangu." Watoto wa nyumba wakamwita Shangazi, na baada ya muda hakuna aliyemwita kwa jina lingine.

Maji ya nyumba ile yalitoka kisimani na chumvi yake, mpaka birika lilikuwa limeota ukoko mweupe ndani. Kwa hiyo mhasibu alikuwa amefunga mashine ya kuchuja chini ya sinki la jikoni. Machujio yalisimama kwa mstari, juu yake likalala lile chujio kuu la kutoa chumvi, na pembeni likakaa tangi dogo la kuhifadhi maji yaliyokwisha kusafishwa. Juu ya sinki kilitokeza kijibomba chembamba cha kung'aa. Mke wa mhasibu alikionea fahari kijibomba kile. Hakuna mgeni aliyeondoka bila kuonjeshwa.

Siku moja kijibomba kikaanza ubahili. Ukikifungua, maji yalikuja kwa nguvu kiasi cha glasi moja, kisha yakalegea, yakawa uzi, yakawa matone.

Mhasibu hakuwa mtu wa kuita fundi. Alivua shati, akapiga magoti. Akatazama koki inayoingiza maji: imefunguka yote. Akafungua chujio la kwanza, akalikuta limeshika tope kama soksi ya mkulima. Akalibadilisha pamoja na wenzake. Hali ikawa ile ile. Akabadilisha na lile chujio kuu. Hali ikawa ile ile. Mwishowe akaifunga njia ya kwenda kwenye tangi, akakinga jagi chini ya kijibomba, akakaa na saa yake mkononi. Jagi likajaa taratibu, kwa mwendo ule ule ulioandikwa kwenye kitabu cha mashine.

"Mashine inatengeneza maji," akatangaza huku akifuta mikono. "Inatengeneza mchana na usiku. Sasa swali ni moja tu. Yanakwenda wapi?"

Mkewe alikuwa anakata vitunguu. Hakuinua uso. "Mimi sisemi kitu," alisema. "Ila wewe na watoto hamshindi nyumbani."

Aliyeshinda nyumbani alikuwa Shangazi. Na Shangazi, ukweli usemwe, alikuwa anakunywa. Kiu ilikuwa imemvamia tangu muda si mrefu, kiu ya ajabu, ulimi ukimganda kinywani kama kitambaa kikavu. Alikunywa, akaenda chooni, akarudi, akanywa tena. Nguo zake mwenyewe zilianza kumpwaya. Alizipunguza ubavuni kwa sindano ya mkono, na hakumwambia mtu, maana alizoea kufikiri kwamba mwili wake ni shughuli yake peke yake.

Wifi yake hakuwa mwanamke wa kelele. Ubaya wake ulisemwa kwa sauti ya chini, umepakwa asali. Asubuhi iliyofuata alimletea Shangazi chumbani chupa ya plastiki, ile ya juisi, imeoshwa vizuri.

"Wifi yangu mpenzi, hii ni yako. Nitakujazia kila asubuhi. Tukubaliane tu kwamba ikiisha, imeisha. Watoto nao wana haki."

Shangazi akaipokea kwa mikono miwili. "Ahsante, wifi."

Kabla jua halijapanda, chupa ilikuwa tupu. Akapiga moyo konde mpaka midomo ikapasuka. Kisha akaingia bafuni, akafungua bomba la maji ya chumvi, akanywa kwa kiganja kama mwizi. Alipotoka alimkuta wifi yake amesimama nje ya mlango na taulo.

"Makubwa! Unakunywa maji ya kuogea? Unataka majirani waseme tunakutesa?"

Jioni, mezani, habari ikasimuliwa kama kichekesho. Watoto wakacheka. Mhasibu naye akacheka kidogo, kisha akaona uso wa dada yake, akaacha, akainamia sahani.

"Dada, jitahidi basi," alisema. "Mtu mzima hashindwi na kiu."

Mtoto aliyelelewa kwa sindano ya dada yake ndiye aliyesema hivyo. Shangazi akajibu, "Nimesikia, mdogo wangu," akaomba ruhusa ya kwenda chooni.

Tangu siku ile jikoni kulifungwa kwa ufunguo wakati wa mchana. Lakini kijibomba hakikupona. Jikoni kumefungwa, Shangazi ana chupa yake moja, na bado maji yalikuja glasi moja, uzi, matone. Mtu mwenye haki angejiuliza. Mke wa mhasibu alisema, "Atakuwa na ufunguo mwingine," akapekua chumba cha wifi yake, akafunua godoro, akakuta pipi za watoto na vifungo vya mashati.

Wageni wa heshima walipokaribia kuja, ndipo fundi akaitwa. Alikuwa mtu wa haraka, simu imebanwa begani, akigombana na mteja mwingine. Hakugusa machujio. Alishika tangi, akajaribu kulinyanyua, akaguna.

"Zito hili. Limejaa."

"Limejaa vipi na halitoi?" mhasibu akauliza.

"Ndani kuna mpira, kama puto. Nyuma ya mpira kuna upepo unaosukuma maji yatoke." Akaligeuza tangi, akabonyeza kivali cha upepo chini yake kwa ncha ya bisibisi. Badala ya upepo yakaruka maji, yakamlowesha kifua. "Umeona? Mpira umepasuka. Maji yamo humu humu siku zote, hayana wa kuyasukuma. Hamkulinyanyua hata mara moja?"

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni, ameshika fremu kwa sababu miguu ilikuwa inakufa ganzi. Fundi akamwona. "Kumbe nyinyi mlikuwa mnamtafuta mnywaji?" akatania. "Bibi, tangi lilikusingizia!"

Wote wakacheka. Tangi jipya likafungwa, maji yakatoka kwa nguvu mpaka yakaruka nje ya sinki. Mhasibu akaanza, "Dada, unajua..." lakini mkewe akamkata.

"Hata hivyo utaratibu wa chupa ni mzuri. Unafundisha nidhamu. Tuendelee nao."

Na mhasibu akamlipa fundi.

Shangazi alianguka bafuni wiki ile ile. Hospitalini daktari alitazama kipimo cha sukari, akakirudia, kisha akawageukia waliomleta mgonjwa.

"Kiu hii imeanza lini?"

Mhasibu akamtazama mkewe. Mkewe ndiye aliyejibu, upesi, kama mwanafunzi anayejua. "Tangu mashine yetu ya maji ilipoharibika, daktari."

Daktari akaliandika jibu lile kwenye faili.

Shangazi hakufa. Jicho la kulia lilizimika kabisa, la kushoto likabaki linaona vivuli. Siku ya kutoka, mdogo wake alikuja na gari na shuka jipya kwenye kiti. Akamkuta yuko tayari, ameketi na mwenzake wa zamani, mshonaji aliyekuwa anagawana naye meza kibandani, mjane mwenye chumba kimoja na kikohozi.

"Dada, twende nyumbani."

"Nyumbani nakwenda," alisema, akamshika mwenzake mkono.

Aliishi huko. Alikunja pindo kwa kupapasa, mwenzake akimtungia uzi. Mhasibu alikuwa anakuja siku za mapumziko, amebeba matunda, anasimama mlangoni.

"Nani?" Shangazi aliuliza kila mara, ingawa nyayo zile alizijua tangu zilipoanza kutembea.

"Mimi, dada. Mdogo wako."

"Karibu, bwana. Kiti kile pale."

Akamjibu kila alichoulizwa, kwa adabu, kama anavyojibiwa mtu wa sensa. Akamshukuru kwa matunda. Mara moja mhasibu alipiga magoti, akalia mpaka mabega yakatikisika, akasema, "Nitukane basi, dada. Nipige."

"Kwa nini nikupige, bwana?" alisema Shangazi, sindano ikiendelea. "Utachafua suruali, sakafu ina vumbi."