Ng'ombe Mmoja kwa Mwezi

Bwawa langu la kuogelea lilipojaa maji mara ya kwanza, watu wa mtaani walisimama getini wakilitazama kama wanavyotazama ajali. Sikuwafukuza. Geti niliacha wazi makusudi. Mtu aliyeishia darasa la nne, aliyeshuka duarani, shimo la dhahabu, kwa kamba na kupanda na mfuko wa mawe mgongoni, ana haki ya kutazamwa. Leo nina karasha zangu za kusaga mawe ya dhahabu, nina nyumba juu ya kilima hapa Geita, na nilitaka maji ya bluu niyaone ninapokunywa chai. Kuogelea sijui. Sikulijenga ili niingie.

Fundi aliyelijenga aliniletea mwenzake kutoka Mwanza, kijana wa miwani ya jua na maneno mengi, ambaye kazi yake ni kutunza mabwawa ya watu. Akanitajia bei yake ya mwezi. Mimi bei zote nazigeuza kuwa ng'ombe, ndivyo kichwa changu kilivyozoea. Ilikuwa ng'ombe mmoja, dume zuri, kila mwezi, na dawa juu yake.

"Ng'ombe mzima kwa kuosha maji?" nikamuuliza. "Maji yenyewe si ndiyo yanaosha?"

"Haya yanaoshwa, bosi. Yaache kidogo tu, yatakuonyesha."

"Mimi nimeosha dhahabu tangu hujazaliwa."

"Ndani ya dhahabu haogi mtu, bosi." Akacheka, akawasha pikipiki yake.

Nikamwacha aende. Nikanunua ndoo ya unga wa klorini, nikamwonyesha mlinzi wangu namna ya kumwaga. Maji yakianza ukijani, kopo moja. Yakizidi, mawili. Hesabu hiyo haihitaji chuo. Na kweli yalirudi bluu, yakawa na harufu kali iliyoingia hadi sebuleni, nami nikawaambia wageni kwamba hiyo ndiyo harufu ya usafi.

Wakati huo mama yangu alikuwa anasumbuliwa na magoti. Nilimpeleka Kolandoto, si mbali na kwetu, na mtaalamu wa mazoezi pale hospitalini akasema akipata mahali pa kutembea ndani ya maji, maji yambebee uzito, atapata nafuu. Nilicheka kwa furaha pale pale. Wazee wengine wakiambiwa hivyo wanarudi kukanda magoti kwa maji ya moto ya beseni. Mama yangu nilimpakia garini nikamleta kwenye bwawa lake.

Kila asubuhi alishuka ngazi za vigae amejifunga khanga, ameshika chuma cha pembeni, akatembea kwenda na kurudi huku akijimwagia maji usoni kama mtu aliyefika mtoni baada ya kulima. Akiniona barazani ananiita.

"Baba, shuka na wewe! Unaogopa maji uliyoyalipia?"

Mke wangu anacheka mpaka anaweka sufuria chini. Zilikuwa asubuhi nzuri. Magoti yakalegea. Lakini macho yakaanza kuwa mekundu.

Mwanzoni ilikuwa pembeni tu. Halafu jicho lote, wekundu wa nyama mbichi. Nikanunua dawa ya matone. Jioni yanatulia, asubuhi anaingia tena, yanawaka. Nikamwambia ni dawa ya maji, inaua wadudu. Mlinzi nikamwagiza aongeze kopo la tatu.

Ndipo simu ikaja kutoka nyumbani. Ndugu yangu, mtoto wa baba yangu mdogo, ambaye kaya yake imepakana na ya mama, alikuwa amefiwa na mwanawe mdogo kwa homa. Mama aliingia bwawani asubuhi hiyo hiyo, ili magoti yaweze safari. Alipokuwa anavaa, mke wangu akanivuta nyuma ya gari.

"Umemtazama mama macho?"

"Ni maji."

"Mimi najua ni maji. Kule nani anajua?"

Kwetu Usukumani bibi kizee mwenye macho mekundu husemwa anaua watu usiku, ana jina lake, na jina hilo sitaliandika juu ya mama yangu. Tulipokuwa watoto, wekundu ule ulikuwa wa moshi, wanawake wakipikia kinyesi cha ng'ombe kwa kukosa kuni, ila hakuna aliyeusema moshi. Kulikuwa na kaya moja tuliyokatazwa kupita karibu. Ilibaki bila mtu, mlango wazi, na hakuna mkubwa aliyetuambia mwenyewe alikwenda wapi. Lakini mimi nilijitazama, nikaitazama gari yangu, nikasema mambo hayo yamekwisha.

Msibani macho mekundu ni kitu cha kawaida. Ya mama yalifika yakiwa tayari. Aliposhuka garini, wanawake waliokaa kwenye mikeka wakasogea kumpisha, wakasogea kuliko nafasi anayohitaji mtu mmoja.

"Shikamoo, kaka," ndugu yangu akanisalimu.

"Marahaba. Pole sana, mdogo wangu."

Akanishukuru. Halafu akauliza, bila kuinua uso, "Mama mkubwa macho yamekuwaje?"

Nikamweleza habari ya bwawa, kwa sauti, wanaume wote wasikie. Nikaeleza vigae, nikaeleza dawa. Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kutazamana. Mzee mmoja akauliza, "Na wewe unaingia humo?"

"Siingii. Sijui kuogelea."

"Mkeo?"

"Hapendi."

"Kwa hiyo anaingia mama peke yake," akasema polepole, kama mtu anayerudia alichoagizwa dukani, "na wewe unazidi kupata."

Nikacheka. Nilicheka peke yangu.

"Mtoto amefariki mama akiwa kwangu Geita," nikasema.

"Geita ni mbali kwa anayepanda basi," mzee akajibu, akageukia moto.

Nilimwacha mama amalize msiba, nikaondoka kuwahi karasha zangu. Nimefika Segese njiani, chai haijapoa mezani, simu ikaita.

"Ng'wanawane," mama akaniita, yaani mwanangu, kama alivyoniita nilipokuwa mdogo. "Uji niliopeleka msibani umerudi. Sufuria imejaa kama ilivyokwenda. Hata watoto hawakuonja."

Nikageuza gari. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba yake. Kwa ndugu yangu wanaume walikuwa wamekaa wote wakitazama upande wetu, na hakuna aliyeinua mkono.

"Panda gari, mama."

"Nikiondoka kabla ya kuanua matanga, watasema nimekimbia."

"Na ukibaki?"

Alifunga kufuli, akaanza kuja, akarudi kuutikisa mlango kuona kama umeshika.

Wengine wangelia hapo. Mimi nikatafuta njia, maana hivyo ndivyo nilivyotoka duarani. Mama nikamwambia asiingie majini kwa sasa. Yule kijana wa Mwanza sikumwita bado. Msiba ulipokwisha nilimtumia ndugu yangu nauli, nikamwambia, njoo uoge wewe. Akaja. Kuogelea alijifunza kwenye lambo tulipokuwa tunachunga, akapiga mbizi asubuhi nzima, macho wazi. Nilipompeleka mbele ya kioo cha gari, yalikuwa mekundu kama yale ya mama.

"Umeona?"

"Nimeona, kaka. Maji yanachoma."

"Kawaambie."

"Nitawaambia."

Mama alifurahi. Akamletea chai kwa mkono wake mwenyewe. Ndugu yangu aliipokea kwa mikono miwili, kwa heshima zote, akaishika huku tukiongea habari za mvua. Alipoaga, kikombe kilibaki mezani kimejaa.

Kesho yake nikampigia.

"Walikuuliza macho?"

"Waliuliza."

"Ukasemaje?"

"Nikasema bwawa, kaka. Wakasema ni vumbi la barabarani, litatoka."

"Na mama je?"

"Mama mkubwa akae huko huko kwanza. Mlango wake uko wazi."

"Nani amefungua?"

"Mimi nimeukuta wazi."

Siku hizi kijana wa Mwanza anakuja kila wiki na miwani yake. Anapima maji, anayaonja kwa vichupa vya rangi, anaondoka na ng'ombe wangu mmoja kwa mwezi, na sibishani naye. Harufu imekwisha. Mama anatembea majini kila asubuhi na macho yake ni meupe kama maziwa. Haniiti tena nishuke.

Leo mawingu yametanda upande wa nyumbani. Alisimama katikati ya bwawa akiyatazama, maji yamemfika kifuani, akaniuliza kama kule wameanza kupanda. Mbegu zake aliziacha ndani ya nyumba, kwenye kibuyu, karibu na mlango.

Nikamwambia nitauliza.