Bamwana wangu ameweka unga wangu kwenye agaseke

Admin, jina langu lifiche vizuri, maana mtu ninayemsema pia ana simu na anapenda kusoma visa vya watu kuliko mimi. Mimi ni mama wa miaka arobaini na minane, nililelewa Bukavu, sasa ninaishi Kamembe, ng'ambo tu ya mpaka, na mume wangu na kilo zangu ambazo sitazitaja.

Maishani sina kipaji kikubwa. Kwaya walinitoa kwa heshima. Lakini nina unga wangu. Kila mwanzo wa mwezi nachanganya unga wa ngano, sukari, maziwa ya unga, chumvi na levire ya poda, ile ya kuumua mandazi, naweka kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko mgumu. Asubuhi ni kuchota, kutia maji na yai, mandazi tayari. Watoto wangu wamesoma wote bila mimi kununua mkate dukani. Binti yangu alipoolewa Gashonga nilikuwa namtumia wa kwake kwa mtu wa moto, yule wa pikipiki, na nilijiona mama wa maana.

Sasa binti amejifungua mtoto wa kwanza. Nikampigia kumwambia nakuja kumhemba, yaani kumtembelea mzazi na vyakula, nikataja na unga. Akanijibu kwa sauti tamu kabisa:

"Maman, farine uache tu. Nilimuonyesha mama mukwe, anatutengenezeaka. Ya kwake iko muzuri sana!"

Iko muzuri sana. Wapendwa, nilikaa kitandani na simu mkononi kama mtu aliyepewa habari za msiba. Mume wangu akaniangalia, akacheka hadi akakohoa.

"Weye maman, bengine banaonea wivu bibi ya pembeni. Weye uko na wivu ya mandazi?"

Nilikwenda Jumamosi iliyopita, nimevaa mshanana, vazi letu la sherehe, nimebeba uji, sabuni na nguo za mtoto. Mama mkwe wa binti yangu, ambaye kwa desturi tunaitana bamwana, alinipokea kwa kumbatio la nguvu. Huyo mama ni mwembamba, mchangamfu, hana kosa lolote, na hicho ndicho kinachoniumiza. Akaleta sahani ya mandazi.

"Bamwana, kula! Hii ni farine ya hapa kwetu."

Ya hapa kwenu! Nilitafuna nikiomba Mungu yawe mabaya. Yalikuwa mazuri. Nikala matano kwa hasira.

"Ya leo nilichanganya asubuhi," akasema. "Ya batisimu imeisha kuwa tayari. Kuja uone."

Akanipeleka jikoni. Pale karibu na sufuria inayofuka mvuke, alikuwa ameweka agaseke, kile kikapu chetu kizuri cha kusuka chenye kifuniko cha ncha. Unga wote wa sherehe ya ubatizo wa mtoto alikuwa ameumimina humo.

"Bageni ya batisimu hauwezi kubatolea unga mu ndoo ya plastiki," akanieleza. "Ni kukosa heshima."

Na ana haki, kwetu kitu cha heshima kinakwenda kwenye agaseke. Lakini kikapu kinapumua, na mvua za huku mnazijua. Niliingiza vidole: unga ulikuwa umeshapata unyevu, umeanza kushikana vidonge. Levire inajimalizia nguvu humo humo. Mandazi yatalala bapa, magumu kama soli ya kiatu, mbele ya padri na ukoo mzima. Binti yangu hakumwambia kuhusu mfuniko kwa sababu nyumbani ndoo ilikuwa tu pale, hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Nilifunika kile kikapu taratibu. Nikasema, "Kizuri sana, bamwana." Moyoni nilikuwa nacheza ngoma.

Furaha ilikatika nilipokuwa naaga. Wifi yake binti yangu alikuwa anamtania mlangoni: "Mandazi yakiharibika tutajua nani alitufundisha, eh, bibi-arusi ya Kamembe!" Wote wakacheka. Binti yangu alicheka pia, lakini alinitazama kwa woga, kama alivyokuwa akinitazama siku za mitihani. Ndiyo kwanza anajijenga katika nyumba ile.

Tangu siku hiyo nashika simu, naiweka. Mume wangu ameacha hata kunicheka, anasema tu, "Piga, maman." Levire mpya inauzwa hata Gashonga, na ndoo wanayo. Neno moja tu linatosha.

Nikinyamaza, mwanangu ataaibika. Nikisema, mandazi yataumuka vizuri, bamwana atasifiwa, na mjukuu wangu atakua akililia mandazi ya Koko, yaani bibi yake, na huyo Koko hatakuwa mimi.

Nyinyi mngekuwa mimi mngefanya nini? Nitukaneni kidogo mkitaka, ila mnijibu mapema. Batisimu ni Jumapili hii, na huku mvua haijakatika.