Hitilafu Inayoanza kwa Salamu

Ofisi yetu ipo mtaa wa Area D, katika nyumba iliyojengwa kwa ajili ya familia. Vikao tunafanyia jikoni, kompyuta zimekaa vyumba vya kulala, na sebuleni, mahali ambapo watu wenye akili zao wangeweka televisheni, bosi wetu alitundika skrini kubwa ya kutazama logi.

Kwa asiyefanya kazi hii: programu ya mtandaoni huongea peke yake kutwa nzima. Kila inachokifanya inakiandikia mstari mmoja, na mistari hiyo ndiyo logi. Kila mstari una daraja lake. Kuna taarifa, yaani mambo yanakwenda. Kuna onyo, yaani hebu angalia hapa. Na kuna hitilafu, yaani kitu kimekwama na mtu fulani mahali fulani anaumia. Pale sebuleni taarifa zilionekana kwa kijani, onyo kwa njano, hitilafu kwa nyekundu. Mtoto wa chekechea angeelewa. Kwa bahati mbaya, katika uongozi wetu hatukuwa na mtoto wa chekechea.

Mteja wetu mkubwa alikuwa kiwanda kimoja cha kukamua zabibu huko Kizota. Mkulima alifungua ukurasa wetu kwenye simu, akaomba zamu ya kuleta mzigo, programu ikapeleka ombi kiwandani, na kiwanda kikikubali, mkulima akapata ujumbe kwamba zamu yake ipo. Akishaupata ujumbe ndipo anachuma. Zabibu ikiwa juu ya mzabibu inaweza kukusubiri kidogo, lakini ikishachumwa haina subira. Kwa jua letu hili, mzigo uliochumwa alfajiri ukikosa mashine unaanza kuchemka wenyewe ndani ya kreti.

Mama mdogo wangu, aliyenilea baada ya mama kufariki, ana shamba la mizabibu Hombolo. Ndilo lililonisomesha na ndilo linalomlisha mpaka leo. Alikuwa wa kwanza kati ya majirani zake kuomba zamu kwa simu. Hakuwa na mapenzi yoyote na simu. Aliwaambia wenzake kwamba programu hiyo imeandikwa na mwanawe, kwa hiyo haiwezi kumdanganya. Niliposikia hivyo nilivimba kichwa wiki nzima.

Bosi wetu ni mstaafu wa serikali, na ni mstaarabu kupita kiasi. Hajawahi kumkatisha mtu maneno. Hata barua ya kumfukuza mtu kazi anaianza kwa kumpongeza. Siku moja alileta wageni kutoka ofisi moja kubwa, na siku hiyo mtandao wa kiwandani ulikuwa unayumba, skrini imejaa nyekundu kutoka juu hadi chini. Mgeni mmoja, kikombe cha chai mkononi, akauliza kwa upole kama ukuta wetu unatokwa damu. Wageni walipoondoka tuliitwa jikoni.

"Binti, hizi nyekundu ziondoke," bosi akaniambia.

"Zitaondoka mzee, tukirekebisha kinachozileta."

"Sijasema mrekebishe. Nimesema ziondoke."

Akatueleza, kwa utulivu wa mtu aliyelifikiria jambo usiku na mchana, kwamba tatizo la programu yetu ni malezi. Inapayuka. Inamrukia mtu na balaa kabla hata hajaketi. "Mtu akikuuliza habari za nyumbani, hata kama nyumba imeungua, unajibuje? Unasema nzuri. Kisha ndiyo unasema, ila." Jikoni pote hakuna aliyebisha, maana ni kweli, ndivyo tunavyoishi. Mimi mwenyewe nilipopigiwa simu siku mama alipofariki nilisalimiwa kwanza, nikaulizwa masomo, nikaulizwa kama huko chuoni mvua zimeanza. Nilijibu kwamba zimeanza.

Basi ikaundwa kamati ya kuifundisha programu adabu. Ilikaa siku kadhaa, ikanywa chai nyingi na kula chapati nyingi zaidi, na mwisho ikatoa matunda yake. Tangu siku hiyo kila hitilafu ingejitambulisha hivi: "Habari za kazi. Mfumo wetu ni mzima na unaendelea vizuri, na maombi ya wakulima wetu wapendwa yanashughulikiwa kwa moyo mkunjufu kama ilivyo kawaida yetu, ila," ndipo lifuate tatizo. Na kwa kuwa mstari unaanza na habari njema, kamati ikaona ni uonevu kuuita hitilafu. Ukapewa daraja la taarifa. Kijani. Ujumbe wa mkulima nao haukusahauliwa. Zamani ombi likikwama alisomewa kwa ukavu kabisa, "Ombi limeshindikana, jaribu tena." Sasa angeshukuriwa, angeambiwa ombi lake limepokelewa, angetakiwa mavuno mema na afya njema, kisha, huko mbele, angedokezewa kwamba limeshindikana.

Nilipinga. Nilisema hitilafu ni hitilafu hata ukiivalisha suti, na kwamba madaraja yaliwekwa ili mtu ajue cha kukimbilia kwanza. Bosi alinisikiliza mpaka mwisho, kama kawaida yake, kisha akasema, "Binti, una haraka sana ya kutangaza misiba." Wenzangu wakacheka, mmoja akaniita mama misiba, na jina likakaa. Nikarudi kwenye kiti changu nikaandika nilichoagizwa.

Kitu ambacho kamati nzima haikukiuliza ni urefu. Hifadhi yetu ya logi, ili isijae, hubakiza mwanzo wa kila mstari na kukata uliobaki. Ujumbe wa simu nao una kikomo chake. Kwa heshima tulizozimwaga, mstari wa logi ulikatika palepale baada ya neno ila, na ujumbe wa mkulima ulikatika kwenye mavuno mema. Tatizo lenyewe halikuandikwa popote wala kumfikia mtu yeyote. Ukuta ukawa wa kijani kibichi kama shamba la mpunga. Wageni walikuja, wakapiga picha mbele yake, wakatusifu kwa uthabiti wa mfumo.

Halafu kiwanda kikabadilisha nywila yake, yaani neno la siri ambalo programu yetu hulitumia kuingia kwao, mchana mmoja wa msimu wa mavuno, na hakuna aliyekumbuka kutuambia. Kuanzia hapo kila ombi la zamu lilikataliwa mlangoni. Programu yetu haikunyamaza, iliripoti kila mara, kwa kijani na kwa moyo mkunjufu. Mama mdogo aliomba zamu jioni ile, akashukuriwa, akaambiwa ombi limepokelewa, akatakiwa mavuno mema, akajua zamu ipo. Alfajiri akaita vibarua wakachuma shamba zima.

Saa nne asubuhi hiyohiyo akanipigia simu ofisini.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Kazi zinaendaje?"

"Zinaenda. Habari za huko?"

"Nzuri kabisa. Upepo tu ndio mwingi."

"Na zabibu?"

"Nzuri. Mwaka huu zimezaa, hujapata kuona. Ila tuko hapa getini Kizota, wanasema hawatujui, na hizi kreti za chini naona zinaanza kutoa povu."

Nilikwenda sebuleni mbio. Skrini ilikuwa ya kijani tupu. Nikafungua logi zenyewe, nikakuta mstari baada ya mstari, kila mmoja mzima wa afya, kila mmoja ukiishia kwenye ila. Nilitamani kuing'oa ile skrini kwa meno. Nikafuta salamu zote, nikarudisha daraja, nikatuma ombi la majaribio. Mstari mmoja mfupi ukatokea, mwekundu: kiwanda kimekataa nywila. Nikapiga simu kiwandani, nikapewa mpya, nikaiweka. Kazi yote haikufika muda wa kumaliza kikombe cha chai.

"Nani karudisha nyekundu?" bosi akauliza kutoka mlangoni. Nilimweleza, na safari hii nilisahau kusalimia. Nimpe haki yake, hakukimbia. Alichukua funguo za gari akasema anakwenda mwenyewe kuwaona wakulima, kwa kuwa jambo kama hili linataka uso wa mtu. Mimi nilibaki kuhakikisha maombi mapya yanapita, kisha nikachukua bajaji nikamfuata.

Nje ya geti pikapu zilikuwa zimepangana kando ya karakana za kuchomelea vyuma, kreti zimefunikwa maturubai, nyuki wameshajua. Bosi alikuwa akipita gari hadi gari, shati jeupe, akishika mikono ya watu. Msimamizi wa kiwanda alikuwa amekwisha sema lake: mashine leo ni za wenye zamu zilizokubaliwa, wengine wote keshokutwa. Bosi aliponiona uso wake ulikuwa umetulia kabisa.

"Nimeshaongea na mama yako mdogo," akasema. "Mama mwelewa sana. Nimemuuliza hali, anasema ni nzuri."

Nilimpita bila kusimama. Nilimkuta mama mdogo ameketi kwenye kivuli cha gari, kanga ameifunga kiunoni, mikono yake ina rangi ya zabibu mpaka kwenye viwiko. Alinyanyua uso akanitazama kwa furaha, kama mtu ambaye msaada wake umefika. Nikachuchumaa mbele yake.

"Zamu yako haipo," nikamwambia. "Haikuwahi kuwepo. Ombi lilikataliwa jana jioni, na ule ujumbe ulioupata ulikuwa wa uongo. Leo hawakamui za kwetu, wala kesho."

Akaingiza mkono chini ya turubai, akatoa kishada, akakigeuza, maji yakamchuruzika vidoleni. Akakirudisha mahali pake taratibu, kama vile bado kina kazi.

"Ungeniambia hivi jana," akasema, "ningeziacha shambani."

Akasimama, akajifuta mikono kwenye kanga, akamwambia dereva ageuze gari.