Bajaji ya Dainess yapanda kilima cha Busale bila kushusha abiria

Saa moja asubuhi, Lazaro Mwakibete amelala chali chini ya bajaji nyekundu kwenye gereji yake ya mabati, pembeni mwa soko la Kyela mjini. Kinachoonekana ni miguu tu. Mara mkono unatoka, unapapasa, unaokota spana namba kumi na saba, unarudi. Wapita njia wanaisalimia miguu kwa Kinyakyusa.

"Mugonile, fundi."

"Ndaga," inashukuru sauti kutoka uvunguni.

Leo hana muda wa maneno. Bajaji hiyo ni ya dada yake, Dainess, aliyesimama pembeni amekunja mikono. Anaiendesha mwenyewe, na ndiyo inayomlisha na wanawe wawili. Miezi minne iliyopita alimkabidhi kaka yake ajaribie wazo lake. Sasa subira imemwishia. Leo ikishindwa kupanda kilima cha Busale, Lazaro atang'oa kila alichofunga na kuirudisha ilivyokuwa.

"Kaka yangu nampenda," anasema Dainess, "lakini watoto hawali mawazo."

Wazo lenyewe lilianzia kwenye simu. Lazaro, mwenye umri wa miaka 34 na aliyeishia kidato cha pili, aliona video ya gari jipya la mbio la kifahari, la haibridi, yaani linalotumia petroli na umeme kwa pamoja. Injini ya petroli inasukuma magurudumu ya nyuma, mota za umeme zinavuta ya mbele. Bei yake, anasema, hata akiuza gereji pamoja na yeye mwenyewe hafikii robo.

"Wenzangu walikuwa wanasifia rangi. Mimi nikaangalia gurudumu la mbele," anasema. "Bajaji injini iko nyuma. Nikajiuliza, hili la mbele lina kazi gani zaidi ya kukata kona?"

Akanunua mota ya pikipiki ya umeme iliyopata ajali na kuifunga kwenye gurudumu la mbele. Betri akaiweka chini ya miguu ya abiria, ili uzito ukae chini na bajaji isiyumbe kwenye kona. Ikiteremka, mota inafanya kazi ya dainamo na kurudisha chaji. Dereva ana swichi moja tu ya kubonyeza. Madereva wa kijiweni wakaibatiza Supakaa, jina la magari ya kifahari kama lile la kwenye video, na hawakuwa na nia njema.

Kilima chenyewe kila msafiri wa Busale anakijua. Bajaji ikifika chini, dereva anasema, "Shukeni." Abiria wanashuka, wanapanda kwa miguu, na wenye nguvu wanasukuma. Mazoea yamekuwa makubwa kiasi kwamba wengine hushuka kabla ya kuambiwa.

Jaribio la kwanza, wiki tatu zilizopita, lilikuwa aibu tupu. Supakaa ilifika katikati ya kilima, umeme ukazima, ikaanza kurudi nyuma. Kosa lilikuwa la nyumbani kabisa. Mama yao, Marta, ni Mkisi wa Ikombe, mfinyanzi wa vyungu, na vyungu hufungwa kwa majani makavu ya migomba visipasuke njiani. Lazaro, aliyekua akimsaidia mama yake kufunga vyungu, akaifunga betri vivyo hivyo ili mashimo ya barabarani yasiitikise. Majani yakazuia joto kutoka. Betri ikachemka, ikajizima.

"Chungu kikiwa safarini hakitoi joto. Betri inatoa," anasema huku akicheka. "Mama alikagua, akasema nimefunga vizuri sana. Kweli nilifunga vizuri."

Aliyatoa majani, akaikalisha betri juu ya vipande vya tairi kuukuu, akatoboa matundu kwenye boksi lake na kuweka feni ndogo ya kompyuta.

Saa tatu safari inaanza. Nyuma wamekaa abiria watatu, mwandishi wa makala haya akiwa mmojawapo, na gunia la mpunga limetubana magoti. Lazaro amejibanza ubavuni mwa dada yake. Sospeter, dereva wa bajaji ya kawaida, anatufuata na mzigo kama huo, ili awe shahidi wa kushindwa kwetu.

Chini ya kilima, abiria mwenzetu Angetile, mkulima wa kakao, tayari ametoa mguu mmoja nje.

"Kaa tu, baba," Dainess anamwambia, na kubonyeza swichi.

Gurudumu la mbele linavuta. Nyuma yetu abiria wa Sospeter wanashuka na kuanza kusukuma. Tunafika pale ilipozimikia siku ile. Lazaro amepeleka mkono nyuma na kuweka kiganja juu ya boksi la betri. Tunapita. Simu ya Lazaro inaonyesha kilomita 22 kwa saa, na Sospeter ameshapotea kwenye kona. Tunapofika juu, mwandishi, aliyekuja na shaka zake zote, anajikuta akipiga makofi.

Dainess anazima injini, anashuka, anamkumbatia kaka yake na kulia bila kujificha.

"Ndaga fijo," anamwambia, yaani asante sana. "Hung'oi kitu."

Wiki moja baadaye, Dainess anasema anatumia lita tatu za petroli kwa siku badala ya tano, na jioni anabaki na Sh25,000 badala ya Sh18,000. Madereva wa kijiweni bado wanaiita Supakaa, ila sasa wanaulizia bei. Sospeter ndiye aliyetangulia kuulizia.

Lakini aliyepewa nafasi mbele yake ni Eufrasia, muuguzi aliyehamia Busale kutoka Bukoba. Anasema wanawake wa juu ya kilima hujifungulia hospitali mjini, na wakirudi hushushwa chini ya kilima kama abiria wengine.

Lazaro ameshaanza kuchomelea fremu ya bajaji ya pili, yenye kiti kirefu zaidi.

"Sospeter atasubiri," anasema. "Kwanza nataka mama aliyetoka kujifungua apande kilima hiki akiwa amekaa, mtoto mapajani, na asiwepo wa kumwambia shuka."